Askari waliopanda Le Morne walibeba habari gani?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mwaka jana nilipata safari ya kikazi Mauritius. Aliyetutembeza alitusimamisha chini ya mlima Le Morne akatuambia kwamba watumwa watoro waliokuwa wamejificha huko juu waliona askari wanapanda, wakadhani wanafuatwa wakamatwe, wakajirusha gengeni wakafa. Kumbe askari walikuja kuwaambia kuwa utumwa umefutwa. Ilikuwa 1835. Hadithi hiyo imenikaa rohoni. Ni kweli? Mwaka wenyewe ulikuwaje kwa mtu wa kawaida kisiwani? Na hao watu walikuwa wa kwetu?" – Msomaji, Lindi.

Jibu:

Marahaba. Nimeshaulizwa habari ya Le Morne mara nyingi, na kila anayeuliza hukwama pale ulipokwama wewe: kumbe walikuwa wameshakuwa huru! Watu wanashika tama, wanasikitika. Mimi hupenda kuuliza kwanza: hao askari, kama walipanda, walikuwa wamebeba habari gani hasa? Tuisome hiyo barua yao kabla ya kuwahurumia waliokufa bila kuisoma.

Mlima wenyewe uko kwenye ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa, umechomoza baharini, urefu wake unapita mita 500, na pande zake nyingi ni ukuta mtupu wa mwamba. Kwamba watoro waliishi huko halina shaka. Karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 watu waliokimbia mashamba walipanda kule juu, na mabaki ya maisha yao yameonekana mapangoni. Ndiyo maana UNESCO iliutia mlima huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ila kuhusu kujirusha, habari imetufikia kwa mdomo, bibi akimsimulia mjukuu. Haikutoka kwenye taarifa ya polisi wala barua ya gavana. Mimi siyadharau masimulizi ya wazee, maana historia ya pwani yetu nusu yake ndiyo hiyo. Lakini sitakuapia kwamba jambo lile lilitokea siku ile. Siku yenyewe ndiyo naijua.

Ilikuwa tarehe 1 Februari 1835, Jumapili. Sheria ya kufuta utumwa ilipitishwa na bunge la Uingereza Agosti 1833, lakini kila upande wa himaya ulipewa siku yake: makoloni ya Karibi 1 Agosti 1834, Rasi ya Tumaini Jema 1 Desemba, na Mauritius, ya mbali zaidi, miezi miwili baada ya hapo. Basi mtumwa wa Mauritius aliendelea kuwa mtumwa nusu mwaka zaidi ya mwenzake wa Jamaika, kwa sheria ile ile moja.

Uelewe koloni lilikuwa la namna gani. Waingereza walikuwa nalo kwa robo karne tu. Walilichukua kwa Wafaransa Desemba 1810, na katika masharti ya kusalimu amri waliwaachia walowezi sheria zao, dini yao na desturi zao. Kwa hiyo gavana, ambaye mwaka huo alikuwa Sir William Nicolay, alikuwa Mwingereza, lakini mahakama ziliendeshwa kwa Kifaransa, kanisa lilikuwa la Kikatoliki, na mwenye shamba alikuwa Mfaransa aliyeamini kwamba London ni mbali na haina mkono mrefu. Alikuwa na sababu. Mwaka 1832 London ilimpeleka John Jeremie, mwanasheria aliyejulikana kwa kuupinga utumwa, akawe mwanasheria mkuu wa kisiwa. Matajiri walifunga maduka na ofisi, mji mkuu Port Louis ukasimama kwa wiki kadhaa, na gavana wa wakati huo akaona salama ni kumpakia bwana yule melini arudi kwao. Alirejeshwa mwaka uliofuata pamoja na askari wa kumlinda, na bado hakudumu.

Lakini kufikia 1833 matajiri hao hawakuwa wakigombania tena utumwa udumu. Walikuwa wakigombania bei. Mwakilishi wao, wakili Adrien d'Épinay, alivuka bahari hadi London kupiga hesabu za fidia, na hesabu zilimwendea vizuri. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa wa makoloni yote, na Mauritius peke yake ikapata zaidi kidogo ya pauni milioni 2.1. Ukigawa kwa watu waliohesabiwa, ni kama pauni 31 kwa kila kichwa. Aliyelipwa ni mwenye daftari la watumwa. Mwenye kichwa hakupata hata senti. Sehemu kubwa ya fedha hizo serikali ilizikopa mwaka huo huo wa 1835, na deni lile likaunganishwa na mengine na kuburutwa hadi 2015 ndipo likaisha. Nikiwaambia wanafunzi kwamba mlipakodi wa London aliyezaliwa juzi juzi alikuwa bado anachangia fidia ya mabwana wa watumwa, hudhani nawatania.

Kuna jambo hapa ambalo watembeza wageni hawalisemi, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote. Biashara ya kuingiza watumwa ilikuwa imeshapigwa marufuku katika himaya ya Uingereza tangu 1807, na kuanzia 1811 kuifanya ilikuwa jinai. Lakini meli ziliendelea kushusha watu usiku kwenye vighuba vya Mauritius na Shelisheli kutoka Madagaska na pwani yetu, hadi miaka ya 1820, makumi ya maelfu ya watu, huku Gavana Robert Farquhar akiwa mpole kupita kiasi kwa wafanya magendo. Maana yake nini? Sehemu kubwa ya hao "watumwa" waliolipiwa fidia, kwa sheria ya Uingereza yenyewe, hawakupaswa kuwa watumwa hata siku moja. Walikuwa watu walioibwa. Wapinga utumwa walilisema hilo bungeni London kwa sauti kubwa. Mwizi akalipwa thamani ya mali ya wizi, kisha akaongezewa na kazi ya bure juu yake.

Hiyo kazi ya bure ndiyo tunayoifikia sasa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwenye barua ya wale askari.

Sheria haikusema "nendeni". Ilisema kwamba kuanzia siku hiyo mtumwa ataitwa mwanagenzi. Neno zuri, utadhani anakwenda kufundishwa useremala. Mwanagenzi wa shamba angemtumikia bwana yule yule kwa miaka sita, wa nyumbani na wa kazi nyingine miaka minne. Kila wiki alitakiwa kutoa saa 45 bila malipo, na bwana akimpa chakula, nguo, mahali pa kulala na dawa, yaani vile vile alivyokuwa akipewa jana. Saa za ziada zingelipwa kwa mapatano. Waliokuwa huru papo hapo ni watoto wasiofika miaka sita. Baba na mama wakabaki.

Sisemi hakuna kilichobadilika. Kiboko kilitoka mikononi mwa mnyapara. Kuanzia siku hiyo adhabu ilitakiwa itolewe na hakimu maalumu, mtu wa serikali anayelipwa na London, na wanawake walikatazwa kabisa kuchapwa. Mwanagenzi angeweza kwenda kumshitaki bwana wake mbele ya hakimu huyo. Ila jaribu kulitazama kwa macho yake. Mahakimu hao walikuwa wachache, kisiwa kimejaa milima na mashamba, na hakimu akija kusikiliza kesi yuko ugenini. Atalala wapi, atakula kwa nani? Kwa mwenye shamba, mezani, pamoja na divai. Kesho yake asubuhi ndipo amsikilize mlalamikaji aliyelala kibandani. Na kosa lililoletwa mara nyingi mbele ya mahakimu lilikuwa lile la zamani, utoro, ila sasa limepewa jina la kuacha kazi.

Basi mwaka wa mtu wa kawaida, kama ulivyoniuliza. Jumapili ile ilipita. Jumapili tangu zamani ilikuwa siku ya kibustani, ya kuku wawili watatu, ya kwenda sokoni. Jumatatu kengele ya shamba ikapigwa. Februari ni katikati ya masika yao, majira ya vimbunga, miwa inakua kwa kasi na magugu nayo. Kazi ni palizi, jembe kuanzia alfajiri, mgongo ukiwa umeinama kati ya mistari ya miwa na yale mawe meusi ya volkano ambayo kila kizazi kimeyakusanya na hayaishi. Ukipita leo mashambani bado utayaona yamerundikwa katikati ya miwa kama makaburi ya majitu. Waliyarundika wao.

Miezi hiyo ya mwanzo ndiyo saa 45 zilipoanza kuleta ugomvi. Je, muda wa kutembea hadi shambani unahesabiwa? Mvua ikikatiza kazi, ni saa ya nani? Akiugua siku tatu, anadaiwa? Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kumiliki hata dakika sasa alikuwa na saa zake, na alizihesabu kama mtu anayehesabu pesa. Naona hapo ndipo uhuru ulipoanzia kwa kweli, kwenye mabishano madogo ya saa, kabla ya tamko lolote.

Kisha katikati ya mwaka, Juni au Julai, msimu wa kukata ukaingia, na msimu huo huenda hadi karibu na Krismasi. Hapo ndipo Mauritius ilipokuwa inavuna fedha yake. Tangu 1825 London iliipunguzia sukari ya Mauritius ushuru ikawa sawa na ile ya Karibi, na baada ya hapo watu waling'oa karafuu na mikahawa, kila kipande cha ardhi kikapandwa miwa, na uzalishaji ukapanda zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi. Muwa ukishakatwa hausubiri, ukicheleweshwa sukari inaharibika. Kinu husaga mchana na usiku, masufuria makubwa ya juisi yanachemka mfululizo, mtu anasimama mbele ya moto hadi macho yanakuwa mekundu. Katika msimu kama huo saa 45 ni nini? Mwenye shamba alihitaji za usiku, na kwa mara ya kwanza ilimbidi aziombe kwa fedha. Wapo waliouza saa hizo na kuweka akiba, maana sheria iliruhusu mwanagenzi kujinunua: thamani ya muda uliobaki inakadiriwa, analipa, anaondoka. Kabla mpango wenyewe haujafa mwaka 1839, maelfu walijinunua hivyo. Na hapa sheria ilikuwa na meno ya ajabu: kadiri ulivyokuwa fundi hodari, ndivyo bei yako ilivyokuwa kubwa. Seremala alijilipia ujuzi wake mwenyewe.

Wakati huo huo mabwana walikuwa wakijipanga. Tarehe 2 Novemba 1834, miezi mitatu kabla ya siku ya uhuru, meli iitwayo Atlas ilitia nanga Port Louis kutoka Calcutta ikiwa na Wahindi 36. Mkataba wao ulikuwa wa miaka mitano, rupia tano kwa mwezi, pamoja na chakula na nguo. Mwaka 1835 waliendelea kushuka wengine kwa mamia, na kufikia 1838 walikuwa wameshapita 20,000. Kwa nini walete watu wa mshahara wakati wanao wanagenzi wa bure kwa miaka sita? Kwa sababu walikuwa wanaitazama siku ya mwisho wa miaka hiyo. Mwanagenzi akimaliza muda wake, atasimama mbele ya bwana na kusema: sasa tuongee mshahara. Siku hiyo bwana alitaka awe na watu wengine nyuma yake. Na kweli, wanagenzi walipoachiwa mwaka 1839, mapema kuliko ilivyopangwa, wengi wao waliyapa mashamba kisogo wakaenda kwenye uvuvi, ufundi na vijishamba vyao. Mashamba hayakufa. Karibu nusu milioni ya Wahindi walipita Port Louis katika miongo iliyofuata, na hata leo wajukuu wao ndio walio wengi kisiwani.

Hata barabara walizopitia wote hao zilikuwa na habari yake. Zilijengwa kwa sehemu kubwa na wafungwa waliopelekwa kutoka India. Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alipopita hapo na meli yake, Aprili na Mei 1836, aliwakuta kama 800, akazisifu barabara, kisha akatembezwa juu ya tembo wa mkuu wa upimaji ardhi, tembo pekee kisiwani. Nalisema hili kwa sababu kila nikilisoma nawaza mwanagenzi mmoja wa Kiafrika pembeni ya njia, pengine mzaliwa wa nchi ya tembo, anamwona mnyama wa kwao akipita na mzungu mgongoni.

Turudi mlimani. Tuseme askari walipanda kweli, wakafika kwenye pengo jembamba la mwamba, wakapaza sauti, na watoro wakasubiri kusikiliza. Wangesomewa nini? Kwamba utumwa umekwisha. Kwamba kila aliyeandikwa kwenye daftari la shamba sasa ni mwanagenzi wa shamba hilo, na ateremke kuripoti. Kwamba atafanya kazi bila malipo hadi 1841. Kwamba kutokuwapo kazini ni kosa, na muda aliokwepa anaweza kudaiwa aufidie kwa kazi. Mtoro ni mtu ambaye tayari alikuwa anaishi bila bwana, kwa shida, kwa njaa, kwa kuiba mbuzi usiku, lakini bila bwana. Kwake yeye barua ile ilikuwa wito wa kurudi.

Kwa hiyo wakikuambia walikufa kwa kutoelewa, usikubali haraka. Yawezekana wazee waliotunga au waliotunza simulizi ile walikuwa wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Hadithi yao inasema: watu wetu waliona askari wanakuja, na hawakuamini kwamba kuna jema linaloletwa na askari. Mwaka 1835 ulivyokwenda, ni nani angewalaumu?

Swali lako la mwisho, kama walikuwa wa kwetu. Wewe uko Lindi, basi jibu liko mkoani mwako. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watu 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kila mmoja, na soko lake kubwa lilikuwa hicho kisiwa, ambacho wakati huo kiliitwa Île de France. Wengi wa waliouzwa walitolewa bara, kutoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi za Wamakua na Wayao, wakateremshwa kwa miguu hadi Kilwa au bandari za Msumbiji. Wakishafika, karani hakuwa na haja na kabila wala kijiji. Aliandika "Mozambique" akamaliza. Myao, Mmakua, Mngindo, wote Mozambique. Mwaka 1822 Kapteni Fairfax Moresby, aliyetumwa na Farquhar huyo huyo, alimfanya Seyyid Said atie saini mkataba wa kutowauzia Wakristo watumwa, na njia ya kwenda Mauritius ikaanza kubanwa. Misafara ya kuteremka Kilwa haikukoma, ila mizigo ikageuzwa zaidi Unguja na Pemba, kwenye mikarafuu.

Majina yao mengi yamepotea, lugha zao pia. Wajukuu wanazungumza Krioli, ambayo maneno yake mengi ni ya Kifaransa. Lakini siku moja kaa na wazee wa Mauritius jioni, utasikia mmoja anaita "Sirandann?" na wote wanajibu "Sampek!", na hapo utajikuta umeshafungua mdomo useme "Tega!" kabla hujajua umesikia lugha gani. Kisha atatega: maji yaliyosimama? Muwa. Maji yaliyoning'inia? Nazi.